Mikono Tu Ndiyo Imebaki

Kaplong,
9 Juni 2024

Senge mpendwa,

Salamu, shangazi yangu, kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na mumeo mzee Kiptum mko salama, na ile cherehani yako haijakugomea tena. Sisi tuko. Mvua inanyesha kila siku saa nane, majani ya chai ni mengi hadi lori linajaa kabla ya zamu yetu, na ng'ombe mweusi amezaa dume. Mama mkwe anaumwa goti lakini bado ananishinda kuchuma.

Barua hii atakuletea Mama Obure, yule mama wa Kisii anayeuza ndizi hapa Jumatano na huko kwenu Kabianga Ijumaa. Mpe jibu yeye. Usinipigie simu. Namba yangu imeandikwa kwenye pakiti za chai ya mume wangu Benard, kwa hivyo simu inakaa naye mchana kutwa kwa ajili ya wateja, na wewe ukipiga atakuambia nimelala.

Senge, nakuandikia kwa sababu ya mikono. Ulisikia nimepungua. Mwezi wa pili nilikuwa kilo tisini na tatu, sasa ni sitini na tisa. Benard anauza ile chai ya zambarau kwa kuwaambia watu kwamba ndiyo iliyonipunguza. Picha yangu ya kabla anayo. Ya baada bado, na mikono ndiyo inayomchelewesha. Tumbo limekwisha, shingo imerudi, uso hata umepitiliza. Lakini hapa kati ya bega na kiwiko nyama imening'inia na haitaki kuondoka. Nikianika nguo inatikisika. Nikimpungia mtu kanisani, mimi naacha, yenyewe inaendelea.

Tarehe 14 Desemba atafanya uzinduzi Bomet, ukumbini, na watu wamealikwa. Mimi nitasimama jukwaani na nguo isiyo na mikono. Ameniahidi kwamba picha hiyo ikishapigwa kazi yangu imekwisha. Nitarudishiwa simu, nitarudi kufundisha nasari, na nitakuja kwako nikae mwezi mzima. Kabla ya hapo sitoki, maana hataki mteja anione barabarani na mandazi mkononi. "Nipe mikono tu, Chemu," anasema. "Mikono tu ndiyo imebaki."

Wewe ulipungua wakati daktari alipokutisha na sukari, na mikono yako ni mizuri kushinda ya wasichana. Niambie ulifanya nini. Nataka nimalize nitoke.

Lile swali nililokuuliza mwezi wa pili bado hujanijibu. Unalijua.

Mimi wako,
Chemutai


Kabianga,
21 Juni 2024

Chemutai mtoto wa kaka yangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umeandika kama mtu anayekimbizwa. Sisi ni wazima. Mzee Kiptum ameacha kunywa chai yenye sukari kwa siku nne, na kwa siku nne hizo hakuna aliyekaa naye kwa amani. Cherehani inatembea. Nina sare za kwaya arobaini na mbili za kushona, na wanakwaya wote wameniambia niwapunguzie kiuno kwenye kitabu changu, sijui nani nitamwacha bila kupumua Jumapili.

Sasa mikono. Nakuambia ukweli ambao watu wa video hawausemi: hakuna zoezi linalotoa mafuta mahali unapotaka wewe. Mafuta yanatoka yanapotaka yenyewe, na kwetu wanawake wa ukoo huu mkononi yanatoka mwisho kabisa. Kazi ya zoezi ni kujaza ndani. Nyama ngumu ikishajengeka, ngozi inapata kitu cha kushika. Nimepima mikono ya wanawake kwa miaka thelathini na moja, najua ninachosema.

Tafuta kiti cha mbao kisichotikisika. Kaa ukingoni, shika ukingo kwa mikono yote miwili, sogeza makalio mbele yatoke kwenye kiti, halafu jishushe polepole na ujiinue. Mara nane, pumzika, tena nane. Halafu simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume. Halafu jerikani ya lita tano, uijaze nusu, uipandishe juu ya kichwa kwa mikono miwili, uishushe nyuma ya shingo, uirudishe. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Si kila siku, maana nyama inajengeka ukiwa umepumzika.

Na ule. Mayai, maharagwe, omena, maziwa. Ukijinyima chakula mwili unakula ile nyama ngumu kwanza na kukuachia ngozi. Nimekuwekea futi yangu ya zamani. Pima katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, uniandikie inchi zako.

Hilo swali jingine liache, mama. Mambo hayo hayaandikwi. Jipe shughuli.

Senge yako,
Marcella


Kaplong,
28 Julai 2024

Senge,

Nisamehe kukawia. Mama Obure alipitiliza Jumatano tatu, alikuwa na matanga kwao. Huku ni wazima. Dume la ng'ombe mweusi limekuwa na nguvu, linamburuta mama mkwe hadi mtoni. Yeye analitukana, lakini kesho yake analifungua tena mwenyewe.

Inchi zangu ni kumi na nne na nusu, kulia na kushoto. Nafanya mazoezi nyuma ya zizi kwa kiti cha kukamulia, maana cha sebuleni kina magurudumu. Mara ya kwanza nilijishusha, nikashindwa kujiinua, nikakaa kwenye matope nikicheka peke yangu. Sasa nafika saba.

Kula ndiko kugumu. Benard amebandika karatasi kwenye mlango wa jikoni. Asubuhi chai ya zambarau bila chochote. Mchana kabichi. Jioni chai tena, na kipande cha kimnyet, ugali wetu, kinachotosha kiganja. Mayai anauza. Maziwa yanaenda kwa gari la maziwa. Si kwamba ananificha funguo, Senge, hakuna kufuli lolote. Ni kwamba ananiuliza kila jioni, kwa upole, nimekula nini, na mimi siwezi kumdanganya mtu anayeniangalia machoni.

Wiki iliyopita alinipeleka kwenye kituo cha kupimia majani ili anirekodi. Alisema mizani ya kituo inaaminika kwa sababu kila mtu anaijua. Nikashika ndoano kwa mikono, nikakunja miguu, nikaning'inia hapo mbele ya wachumaji wote. Karani akasoma sitini na sita, halafu kwa mazoea akatoa kilo moja ya gunia. Watu walicheka hadi wakaegemea mizigo yao. Mimi pia nilicheka, ungefanya nini? Benard akaandika sitini na tano kwenye mtandao.

Nimekatazwa mengi hadi mti. Kule chini, karibu na mto, mstari wa mwisho, kuna mti mmoja wa chai ambao mama mkwe hataki nichume. Juzi nilinyoosha mkono akanipiga kofi la vidole kama mtoto. "Huo uache." Hakusema kwa nini. Umeachwa tangu mwaka uanze, umetoa vijiti juu ya mingine yote. Nilirudi na kikapu nikilia, na nilikuwa nalilia mti wa chai, fikiria.

Chemutai


Kabianga,
16 Agosti 2024

Chemutai,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na bado nimesimama. Kabichi! Mtu anataka mkono ujae na anakulisha kabichi! Mama Obure ana kikapu chako. Chini ya ndizi kuna maharagwe yaliyochemshwa, mayai kumi na mawili yaliyochemshwa pia ili yasipasuke, na kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya mgando. Kula nyuma ya hilo zizi lako. Ukiulizwa jioni umekula nini, jibu "ndizi," maana ndizi moja utakuwa umekula.

Sasa nikuambie kituko. Benard alikuja hapa dukani Jumamosi, suruali imepigwa pasi, akaninunulia soda, akaniita senge kwa heshima zote. Alileta kitambaa chekundu, kizuri, sitakataa. Anataka nikushonee nguo ya uzinduzi, isiyo na mikono. Nikamwambia nitahitaji vipimo vyako. Akatoa karatasi mfukoni, ameandika mwenyewe: kifua, kiuno, nyonga. Chini kabisa ameandika mkono, inchi kumi na mbili. Nikamuuliza, huu mkono umepima lini? Akasema, "Hiyo ndiyo tunaenda nayo Desemba, senge." Mimi nimeshona nguo za maharusi, za maaskofu na za marehemu, lakini mtu kuniletea kipimo cha mkono ambao haujazaliwa, huyo ni wa kwanza.

Kitambaa nimekipokea. Ningekataa angeenda kwa fundi mwingine, na mimi nisingejua lolote.

Kwa nini hutoki, Chemutai? Ni saa mbili tu kwa gari.

Marcella


Kaplong,
22 Septemba 2024

Senge mpendwa,

Tumshukuru Mungu, huku wote wazima. Mahindi yamekauka vizuri. Goti la mama mkwe limepoa.

Mayai niliyala kwa siku sita, mawili mawili. Mara ya tatu mama mkwe alitokea na ndoo, akaona maganda miguuni mwangu. Nilidhani nimekwisha. Akaweka ndoo chini, akachimba shimo kwa kisigino, akayafukia maganda, akaenda kukamua. Benard hajaambiwa hadi leo. Huyo mama simwelewi.

Inchi ni kumi na nne kamili. Kiti nafika kumi na mbili bila kupumzika, na jerikani naijaza yote. Jana nimebeba gunia la majani hadi kituoni bila kutua. Mkono bado unaning'inia, ila ukiushika chini yake kuna kitu.

Uliniuliza kwa nini sitoki. Nitoke niende kwa baba, niseme nini? Hajanipiga. Halewi. Hana mwanamke mwingine. Anatoa sadaka, anamnunulia mama yake dawa. Nikisema ameninyima mayai, wazee watacheka kuliko wale wa kituoni. Watauliza kosa lake, na kosa lake halina jina ambalo naweza kulitamka mbele ya watu. Wakati mwingine nasimama getini, barabara iko wazi, gari linapita, kondakta anapiga filimbi akidhani nasafiri, na miguu haitoki. Nimefungwa, Senge, na sioni kamba iko wapi.

Uliniambia swali lile niliache, lakini nauliza. Alitoka saa ngapi? Na mlimweka wapi? Mimi nilikuwa nimelala kwa dawa ya upasuaji. Nilipoamka kila mtu alikuwa anaangalia dirishani badala ya usoni mwangu.

Chemutai


Kabianga,
18 Oktoba 2024

Chemutai,

Leo sina habari za nyumbani. Tuko hai.

Jana nilikwenda dukani kununua uzi. Kwenye kaunta kulikuwa na pakiti mpya za chai ya Benard, zimepangwa kama vitabu. Mbele kuna picha yako, imeandikwa KABLA, na pembeni yake nafasi nyeupe imeandikwa SUBIRI DESEMBA. Msichana wa duka akaniambia, "Mathe, huyu dame alikuwa amefura, cheki vile alikuwa."

Nikachukua pakiti nikaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nilitazama nguo kwanza, maana mimi ndivyo nilivyo. Ni kitenge cha bluu chenye majani meupe, mikono mirefu, marinda sita mbele chini ya kifua, kamba mbili pembeni za kulegeza. Nguo hiyo niliishona mimi Januari. Marinda yale niliyaweka ili yafunguke hadi mwezi wa tisa. Kwenye picha mawili yalikuwa bado hayajafunguka.

Nilishika fremu ya mlango.

Chemutai, hiyo siyo picha ya mtu mnene. Wewe ulijua? Wakati wote huo ukiniandikia inchi, ulijua ni picha ipi?

Marcella


Kaplong,
30 Oktoba 2024

Senge,

Nilijua.

Ilipigwa kanisani, Jumapili ya mwisho ya Januari, na Benard mwenyewe. Ni picha pekee tuliyopiga nikiwa nimeonekana hivyo. Tulingoja miaka sita, na nilikuwa naogopa kupigwa picha, nikidhani nitaleta mkosi. Siku hiyo alinibembeleza nikakubali. Ukiangalia vizuri mkono wangu wa kushoto uko chini ya tumbo. Alikuwa anapiga teke.

Niliporudi kutoka hospitali sikula kwa wiki nyingi. Kilo zilianguka tu. Kumi na mbili za kwanza ni yeye na maji yake na damu yangu. Zilizofuata ni kwamba chakula kilikuwa hakipiti kooni. Siku moja jirani akamwambia Benard, "Bibi yako amepungua vizuri, anakunywa nini?" Naye akajibu, "Chai." Nilimsikia kutoka jikoni. Nafikiri mwanzoni alijibu tu ili asiseme lile jingine. Hajawahi kulisema, Senge, hata mara moja, hata tukiwa wawili. Sasa ni biashara, ina mashine ya kufungia pakiti, na ina mkopo wa pikipiki.

Nilipokuomba msaada wa mikono nilikuwa nataka kweli. Nilidhani nikimaliza nitaachiliwa. Halafu pakiti mpya zikaja, maboksi ishirini, zikapangwa chumbani ninakolala. Nikawa naamka na yeye, tumboni mwangu, ananiangalia mara mia. Ndipo nikaelewa siku ya Desemba watanisimamisha hapo pembeni, mwembamba, na watu wapige makofi kwa kile kilichotoka. Kwenye pakiti hizo mtoto wangu ni mafuta.

Basi nimeacha kiti. Nimeacha jerikani. Mikono ilikuwa imefika kumi na tatu na nusu, nikaacha. Benard anaishika kila asubuhi anasema, "Mbona imekwama?" Ni kitu pekee changu kilichokataa.

Ile nguo ya bluu uliichukua pamoja na vitu vyake vyote. Nirudishie.

Chemutai


Kabianga,
22 Novemba 2024

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Mama Obure amepita mara mbili nikamwambia bado. Mzee Kiptum ameniuliza kwa nini siongei, na yeye ndiye aliyeomba kwa miaka thelathini niongee kidogo.

Tulilelewa kwamba mtoto ambaye hakulia hatajwi. Wanawake wazima wanamweka ardhini asubuhi, wanarudi shambani, na mama yake anaambiwa atapata mwingine. Tukidhani tunamhurumia. Nilifanyiwa hivyo mimi mwaka 1989, kabla ya kuzaa binamu zako. Senge yangu mimi aliniambia nijipe shughuli, nikajifunza cherehani. Sijawahi kuuliza yuko wapi, na wote waliojua wamekufa. Swali lako nililikimbia kwa sababu lilikuwa langu.

Sasa nakujibu. Tulikuwa watatu, mimi, mama mkwe wako, na mama mmoja wa kanisa lenu. Ni msichana. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, na vidole virefu vya baba yako. Nilimvika ile sweta ya manjano uliyofuma, ilimtosha. Alitoka jua likiwa limeshatua, taa za wodi ndiyo zimewashwa. Kwetu saa ndiyo inayotoa jina, haihitaji ruhusa ya mtu. Wewe ulitoka asubuhi ukawa Chemutai. Yeye ni Chepkemoi. Alikuwa nalo tangu mwanzo, sisi ndio tulimnyima.

Tulimweka chini ya ule mti wa mwisho karibu na mto. Mama mkwe wako alisema siku hiyo kwamba kikapu hakitachuma hapo tena maadamu yeye yuko hai. Nilidhani ni maneno ya msiba. Uliponiandikia habari ya lile kofi mwezi wa saba, nilijua nilichokuwa nasoma, nikakujibu habari za mayai. Nisamehe.

Nguo ya bluu iko kwenye mfuko huu. Nimeipiga pasi. Marinda sijayagusa. Kitambaa chekundu kiko chini yake, hakijapita mkasi. Mwambie Benard mimi nimeshindwa na kazi yake.

Sikushauri lolote juu ya siku hiyo ya Bomet. Nimeshauri vya kutosha.

Senge yako,
Marcella


Kaplong,
17 Desemba 2024

Senge mpendwa,

Huku ni salama, mvua imekatika. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja na Mama Obure kwa pikapu yake, kwa mwezi mmoja au zaidi, sijui. Simu ninayo. Mama mkwe ndiye aliyeichukua mezani akaniwekea kwenye kikapu. Aliniambia niende nikale, na kwamba mti atauangalia yeye. Barua yako ilipofika nilishuka mtoni, nikamkuta huko anapalilia. Alinisogezea jembe.

Nikueleze ya Jumamosi. Benard alikuwa amenikodia nguo nyekundu nyingine Kericho baada ya yako kukosekana. Nilipanda gari nimevaa koti refu lililofungwa hadi shingoni, naye hakuuliza, kulikuwa na baridi. Ukumbi ulijaa wanawake, wengi walikuwa wamesimama. Nyuma ya jukwaa walikuwa wametundika picha ile, kubwa kuliko mlango. Benard akaongea, akaita jina langu, wakapiga makofi. Nikapanda, nikavua koti.

Nilikuwa nimevaa ile ya bluu. Marinda yote yamefunguka mbele, hakuna kitu ndani, nguo inaning'inia hadi magotini. Nikasimama pembeni ya picha. Nilikuwa nimepanga maneno, Senge, nimeyakariri nikikamua wiki nzima, na yote yalipotea. Nilisimama tu. Makofi yakaendelea kidogo kwa wale wa nyuma, halafu yakakatika mstari kwa mstari. Niliona wanawake wanaangalia kamba za pembeni, wanaangalia picha, wanaangalia kamba tena. Hakuna mwanamke pale asiyeijua nguo hiyo.

Benard alikuja na tabasamu la jukwaani akanishika mkono wa juu, pale pale, anitoe. Nikauvuta. Ulitoka kwa urahisi hadi yeye mwenyewe akaangalia kiganja chake. Nadhani ni ile jerikani.

Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele, mzee, na bakora yake, akainuka. Hakupaza sauti lakini ukumbi wote ulisikia.

"Mama," akasema, "hiyo nguo ni ya mimba. Mtoto ako wapi?"

Kwenye kona Benard alikaa chini kwenye kiti cha plastiki, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniuliza mbele ya watu. Mwezi wa pili ningekosa jibu. Mwezi wa kumi ningekosa jibu.

Nikamwambia, "Anaitwa Chepkemoi. Ako nyumbani, karibu na mto, na mti wake umeshanipita urefu."

Wako,
Mama Chepkemoi